Miche Mitatu Katikati ya Muhogo

Wenzangu wakitia mchaichai kwenye chai wanasema nyumba inanukia. Mie harufu ile inanichafua roho. Nikiletewa kikombe nakisogeza pembeni, nao wanadhani najidai. Basi niwaambie, msije mkaniona nina maringo bure.

Sie tulikaa Kawe, lakini shamba la Bibi, mama yake baba, lilikuwa Goba, kwenye mteremko. Upande mmoja alimwazima Mzee Chilumba, mtu wa kusini aliyekuja na mkewe na jembe lake. Masharti yalikuwa yale ya siku zote kwetu Pwani: apande muhogo, apande mbaazi, lakini mti wa kudumu asipande, maana kwetu mwenye mti huja kudai na ardhi. Na kila akivuna alete pakacha moja kwa Bibi, kuonyesha kwamba hajasahau shamba ni la nani. Hakukosa hata msimu mmoja. Tena udongo uliokuwa ukisombwa na mvua aliuzuia kwa kupanda mchaichai, mistari kwa mistari, kukata mteremko. Watu wa kwetu waliiona kazi ile ni ya asiye na shughuli.

Kisha yakaja maneno ya ujamaa. Barazani, kisimani, kote ikawa shamba ni la anayelilima. Baba Mkubwa, kaka yake baba, ambaye jembe alilijua kwa kuliona tu, akakosa usingizi. Mdomoni lakini alikuwa mjamaa kupita wote, mkutano haumpiti.

Siku moja Mzee Chilumba na mkewe walikwenda matangani Temeke. Waliporudi wakakuta wazee wameshaitwa, wamekaa kwenye jamvi pembeni mwa muhogo, na Baba Mkubwa kasimama kashika jani la mche wa mnazi kama kamshika mwizi. Ilikuwa miche mitatu, katikati ya muhogo. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba tulimkaribisha mgeni, naye sasa anataka kutupora.

Jamani, udongo chini ya miche ile ulikuwa bado una maji! Mie mtoto niliona, na wazee wale waliozaliwa ndani ya minazi waliona. Mmoja alitazama, akakohoa, akaomba tambuu.

Mzee Chilumba hakubishana nao. Alimgeukia Bibi.

“Mama, wewe unanijua. Mie nazi sikupanda.”

Bibi alijifunika vizuri kanga yake. “Mnazi haujioteshi, baba,” akasema. Nikamhurumia, nikijua anadanganywa na mwanawe.

Wakapewa mpaka Ijumaa wawe wameondoka. Muhogo wenyewe ulikuwa haujafikia unene wa kidole. Mkewe alipokuja kuaga alileta pakacha la mbaazi, kwa sababu hawakutaka kuondoka na haki ya mwenye shamba. Baba Mkubwa akalipokea kwa mikono miwili, bila haya hata chembe. Jioni zikapikwa kwa nazi, akala huku akilamba vidole na kusifu zilivyoiva. Kinyaa kilinishika nikatapika. Wakasema ni minyoo, wakaninywesha mwarobaini.

Upande ule haukulimwa tena, na mchaichai wa Mzee Chilumba nyumbani wakawa wanaung'oa, wanatia kwenye chai. Masika mawili matatu yakauchimba makorongo, mpaka udongo mwekundu ukabaki wazi.

Kwa miaka mingi chuki yangu yote nilimpa Baba Mkubwa. Bibi niliendelea kumpenda, na alipofariki nililia kuliko wajukuu wote. Tulipokuwa tunaosha vyombo baada ya maziko nikamwambia mama kwamba marehemu alikuwa mtu safi, ila mwanawe alimdanganya juu ya ile minazi.

Mama akanitazama kwa mshangao.

“Nani, mkwe wangu? Miche aliichagua yeye, mwanangu. Mie ndiye niliyeibeba, na maji ya kumwagilia nikateka mimi.”

Kumbe pale hapakuwa na aliyedanganywa isipokuwa mie. Mama alisema hivyo bila kuinamisha macho, kisha akaniambia nimpe sufuria nyingine.