Kitufe cha Tano

Ngumbao alikuwa juu ya mnazi wa pili, mkono wa kushoto umekumbatia upongoo wa kuti na wa kulia umeshika kotama, kisu cha mgema, wakati simu ilipotetemeka kifuani. Hakuitoa mfukoni. Ilitetemeka mara moja, ikakatwa. Ikatetemeka tena, ikakatwa. Ikaja ya tatu. Alingoja kidogo kuona kama kuna ya nne. Haikuja. Basi akaendelea na kazi yake, akakata ncha ya karara la maua ya mnazi kipande chembamba kama ukucha, na tone la kwanza likaanza kuteremka kibuyuni.

Madumu matatu. Mama Viola anataka madumu matatu leo.

Hivyo ndivyo walivyozungumza kwa miaka tisa, yeye na Monicah, mama yake Viola, mwanamke wa bara mwenye mangwe pale Mtwapa, kibanda cha makuti ambapo watu hukaa kwenye mabenchi wakinywa tembo la mnazi. Alfajiri Monicah hupiga simu na kukata, mara nyingi kadiri ya madumu anayoyataka. Ngumbao hajibu papo hapo. Hupanda minazi yake yote kumi na minne pale Junju, mmoja baada ya mwingine, akakusanya lililotiririka usiku. Akifika juu ya mnazi wa mwisho, akiwa ameshajua kwa macho yake mwenyewe kilichopatikana, ndipo huingiza kidole gumba mfukoni. Kitufe cha tano cha simu ile kilikuwa na kinundu kidogo. Ukikipapasa hukikosi, hata mikono ikiwa imelowa tembo hadi kwenye viwiko. Namba ya Monicah ilikuwa hapo. Anakikandamiza, anasikia ikiita, anakata. Mara mbili kama ni mawili, mara tatu kama ni matatu. Tuktuk ya Monicah huja kuchukua idadi hiyohiyo.

Mtindo ule haukula salio. Lakini Ngumbao aliupenda kwa sababu nyingine, ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa mtu wa haya. Tangu utotoni, tangu alipoishia darasa la nane bila kuinua mkono hata siku moja, maneno yalikuwa yanamkwama mbele ya watu. Akipigiwa simu ya kuongea, hutoka nje, akasimama nyuma ya choo, akajibu "ndiyo" tatu na "haya" mbili, akarudi ndani ana jasho. Lakini huko juu, kwa kidole gumba, aliweza kusema kila alilotaka na lote likawa kweli.

Mambo yalianza kubadilika siku kijana mmoja aitwaye Gachanja alipokuja na hema sokoni Junju. Alivaa fulana ya rangi kali yenye jina la kampuni ya simu, na spika yake ilisikika mpaka shuleni. "Leta kabambe yako ya vitufe, ondoka na simu ya kugusa! Lipa pole pole! Mtandao mpya, spidi mpya!" Watu walijaa. Ngumbao naye alisimama pembeni, nyuma ya mwanamke aliyebeba ndizi, lakini Gachanja alimwona.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba."

"Hebu tuone simu yako." Akaipokea, akaigeuzageuza. Ilikuwa imefungwa mpira kiunoni ili mfuniko usitoke. "Mzee, hii ni simu ama ni kipande cha sabuni?"

Watu wakacheka. Gachanja hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu kazini. "Nakuambia kwa uzuri, mzee. Hizi kampuni zinataka kuondoa mitambo ya zamani kwa minara. Miaka michache tu, hii utavunjia korosho."

"Kasema nani?"

"Dunia nzima imesema! Shika hii. Jaribu."

Akamwekea mkononi simu nyeusi, pana, laini kama kioo cha dirisha. Ngumbao akaigusa kwa kidole cha shahada. Haikufanya kitu. Akaigusa tena. Akakandamiza. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kwa miaka ya kushika vidato vya minazi na kotama, na juu ya ugumu ule kulikuwa na utando wa tembo la asubuhi.

"Mzee," Gachanja akasema kwenye spika, soko lote likisikia, "vidole vyako havina mtandao!"

Hata yule mwanamke wa ndizi alicheka mpaka mkungu ukayumba. Ngumbao akairudisha ile simu taratibu, akachukua ya kwake, akaenda zake. Masikio yalikuwa yanawaka. Nyuma yake alimsikia jirani yake Mwambire, mgema mwenzake, akisema, "Mimi nipe, kijana. Vyangu vinashika."

Jioni ile simu ikaita, na haikukatwa. Ngumbao akatoka akaenda nyuma ya choo.

"Baba Nelly," sauti ya Monicah, "nimenunua simu kubwa. Nimefungua grupu ya wagema wote wanaoniletea. Kuanzia Jumatatu naandika asubuhi natafuta madumu mangapi, na anayejibu kwanza ndiye anapata. Umeelewa?"

"Ndiyo. Lakini Mama Viola, mimi..."

"Nunua simu. Mimi sina wakati wa kuhesabu milio kama niko kwa kengele ya kanisa."

"Haya," Ngumbao akasema, na alipokata ndipo maneno yote aliyotaka kuyasema yakamjia.

Jumatatu simu haikutetemeka. Jumanne haikutetemeka. Tembo halijui kungoja. La asubuhi ni tamu, la jioni linauma ulimi, na la kesho yake ni siki. Ngumbao alipanda minazi kumi na minne na kushuka minazi kumi na minne, kwa sababu karara usipolikata kila siku hujifunga, na ukiliacha umelipoteza. Kufika Jumatano mkewe Kadii alikuwa ameshajaza siki kila chombo chenye mfuniko.

"Baba Nelly, hata kwenye birika la chai kuna siki," alisema, mikono kiunoni. "Tule nini, kachumbari bila nyanya?"

"Watanunua tu."

"Nani? Mama Viola ana watu kumi kwenye hilo grupu lake. Mwambire amepata oda siku tatu mfululizo. Mwambire! Ambaye minazi yake nusu ina mdudu. Nunua hiyo simu, mume wangu. Kama ni vidole, nitakusugulia kwa jiwe la miguu."

Ngumbao akacheka kidogo, maana Kadii alijua kumchekesha hata akiwa na hasira. Kisha akarudia kunoa kotama.

"Kadii," akasema, "wanajibu saa ngapi?"

"Nasikia alfajiri. Mama Viola akiandika tu, wanagombania."

"Alfajiri mtu yuko wapi?"

"Kitandani."

"Sasa mimi nitajibuje niko kitandani? Nimeona nini? Nitasema nina madumu manne, na sijapanda hata mnazi mmoja?"

Kadii akashusha mikono kutoka kiunoni.

"Simu si neno," Ngumbao akaendelea, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Wangeniambia nijibu kwa simu yoyote nikiwa juu, ningejifunza, hata kwa pua. Lakini wanataka niseme kabla ya kuona. Sitaki. Wanichekee, tembo liwe siki mpaka bahari ichachuke, sitaki."

Alhamisi asubuhi alipita kwenye bomba la maji la kijiji, akamkuta Mwambire amechutama kando yake na madumu manne. Mawili yalikuwa yamejaa, la tatu nusu, na la nne lilikuwa chini ya mfereji. Mwambire alipomwona alifunga maji haraka, kisha akaona haina maana, akafungua tena.

"Usinitazame hivyo, Ngumbao. Nimeshaandika manne. Nimetuma mpaka kile kidole gumba cha njano. Nikipeleka mawili na nusu, natolewa grupuni."

"Lile tembo la nani?"

"Si wanywaji tu. Wakishalewa wanajua nini?"

"Nimekuuliza la nani."

Mwambire akafuta mikono kwenye suruali. "La watu wa harusi. Jioni wanakwenda kuomba mke Mariakani. Mama Viola ameahidi madumu ishirini." Kisha akamkata jicho. "Na wewe endelea na kisabuni chako."

Ngumbao akaenda zake. Njia nzima ya kurudi aliiwaza ile safari ya Mariakani. Kwa Wagiriama, tembo la kuombea mke halipokelewi kwa macho. Mzee wa upande wa binti humwaga tone chini kwa ajili ya waliotangulia, akalionja, akampa mwenzake, na wenzake wote wakaonja, huku upande wa mume wamekaa kimya wakitazama nyuso. Ukipeleka maji pale umesema kwa mdomo mpana kwamba binti yao ni wa bei ya maji.

Habari zilifika Junju Ijumaa kabla ya saa nne. Wazee wa Mariakani walikuwa wameonja dumu la kwanza, wakatazamana. Wakaonja la pili. La tatu hawakulionja. Waliyafunga yote ishirini vifuniko, wakayapanga mlangoni, wakawaambia wageni warudi siku wakipata tembo. Bwana harusi alikuwa ameketi pale na shati jipya. Inasemekana mama yake alilia njia nzima kutoka Mariakani mpaka Mtwapa, na walipofika Mtwapa hawakwenda nyumbani. Walikwenda moja kwa moja kwenye mangwe ya Monicah.

Jumamosi mchana tuktuk ilisimama mbele ya nyumba ya Ngumbao, na Monicah mwenyewe akashuka. Hakuwahi kufika pale. Kadii akamtolea kiti, akamtengea maji, akaenda kusimama penye mlango wa jiko ambako angesikia kila kitu.

"Baba Nelly, nimeaibika," Monicah akasema. "Wale watu wanarudi Mariakani kesho kutwa, Jumatatu. Wamesema wananipa nafasi moja tu. Wagema wote nimewatoa grupuni. Karibu wote," akasahihisha. "Nimebakisha watatu ambao najua hawatanifanyia hivyo. Wewe nataka uwe wa nne."

Akafungua mkoba, akatoa simu ya kugusa, mpya, bado ina karatasi ya plastiki usoni.

"Hii ni zawadi. Sio mkopo. Nimekuwekea laini na bando la mwezi."

Ngumbao aliitazama simu ile juu ya meza. Ilikuwa nzuri, hakukataa. Alihisi haya zikipanda shingoni kama kawaida, na maneno yakianza kujificha. Kule mlangoni Kadii alikohoa. Basi akayashika yale maneno kabla hayajakimbia.

"Hapana, Mama Viola."

"Hapana nini?"

"Siichukui."

"Bure?"

"Hata bure. Wewe ukitaka tembo langu, nipigie ukate, kama tulivyozoea. Mimi nitakujibu nikiwa juu ya mnazi wa mwisho. Nikisema matatu, ni matatu, hayana hata tone la bomba. Hutaki, wauzie watu soda."

Monicah akatoa macho. Kwa miaka tisa hakuwahi kumsikia mtu huyu akisema sentensi nne pamoja. "Unanifukuza, Baba Nelly?"

"Sikufukuzi. Kunywa maji."

"Na hizo simu zenu zikizimwa? Yule kijana wa hema amesema hazitashika tena."

"Zikizimwa nitatundika vitambaa vyekundu juu ya mnazi, kimoja kwa kila dumu. Tuktuk yako itahesabu ikiwa barabarani. Lakini kitandani sijibu."

Monicah akairudisha simu mkobani kwa kishindo, akapanda tuktuk, akaondoka bila kuaga. Kadii akatoka jikoni. Alitazama vumbi, akamtazama mumewe.

"Ungechukua tu, ungenipa mimi," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumapili simu haikutetemeka. Ngumbao alipanda, akakata makarara, akashuka. Siki ikaongezeka.

Jumatatu alipofika juu ya mnazi wa kwanza simu ilikuwa kimya. Wa pili, kimya. Wa tano, kimya. Alipokuwa kwenye wa saba, kule ambako kwa kuwa ni mrefu kuliko yote mtandao haujawahi kukatika, kifua kikatetemeka. Mara moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Kisha kimya.

Akaendelea na kazi. Wa nane, wa tisa, hakuharakisha, kwa sababu kotama haipendi haraka. Kwenye mnazi wa kumi na nne alitazama kibuyu, akakipima kwa jicho, akajumlisha na madumu yaliyokuwa chini. Akaingiza kidole gumba mfukoni, akapapasa kinundu. Mara moja. Mbili. Tatu. Akatoa kidole.

Simu ikatetemeka papo hapo. Mara tano tena, za haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango.

Ngumbao akapangusa kidole gumba kwenye shati. Moja. Mbili. Tatu.

Safari hii simu ikaita bila kukatwa. Ikaita, ikaita. Monicah alitaka kuongea, alitaka kubembeleza, pengine alitaka kutukana. Ngumbao, amekumbatia upongoo, upepo unamtikisa pamoja na mnazi wake, aliisikiliza ikiita kifuani bila jasho hata kidogo. Akakandamiza kitufe cha kukata. Kisha akarudi kwenye kitufe cha tano, akamjibu kwa mara ya mwisho, polepole, ili asije akakosea kuhesabu: matatu.

Akakifunga kibuyu kiunoni, akaanza kushuka. Hakuwa ameufikia mchanga aliposikia mlio wa tuktuk ya Monicah ukikata kona pale barabarani.