Bwana wa Kampuni Aliyejifunza Kubipu

Kampuni za simu zilipoanza kugombania Mikumi, moja ilikuwa na bwana wa kuuliza maswali. Alikuwa anaamkia shikamoo kila mtu sokoni, hata wadogo zake. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari pajani, kalamu kaishika kwa vidole laini, na sauti yake ya chini kama yuko wodini. "Enhe? Halafu?" Mama Fabiola wa vitunguu akammwagia yote. "Kaka yangu wa Lumuma nikimbipu mara moja, asipakie mzigo, soko limejaa. Mara mbili, alete. Hapokei, hatukatwi hata senti." "Na akipokea?" "Akipokea, baba, namnunia wiki nzima!" Bwana akaandika, mpaka kununa akakuandika.

Mwaka uliofuata akaja na turubai, spika na fulana. Safari hii hakumwamkia mtu. "Mambo vipi, Mikumi! Wataalamu wetu wameumiza vichwa, wamewaletea Bipu Maalumu! Mara moja, usilete. Mara mbili, lete. Shilingi ishirini tu!" Watu wakashangilia, maana fulana zilikuwa za bure. Mama Fabiola hakushangilia. Kaka yake alikuwa na magunia kumi barabarani Lumuma, anasubiri kubipiwa, na yeye siku hiyo salio lake halikufika hata hiyo ishirini. Akanyoosha mkono. "Na ile yetu ya bure, baba, bado ipo?"

Bwana akasogeza kipaza sauti mbali na mdomo.

"Ipo, mama. Mpaka Ijumaa."