Ukungu Ndani ya Lenzi

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu na maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na mpaka leo r na l zinanisumbua kwa sababu nyumbani tunasema Kihehe. Naandika polepole. Mkinivumilia, nitafika.

Mimi ni mwoga wa watu. Nikitazamwa, maneno yanakwama kooni. Ndiyo maana nilitaka kazi ya kupiga picha, kwa kuwa anayeshika kamera hatazamwi na mtu. Hapa Mlandege, Iringa, yuko mzee anayepiga picha za harusi na za kipaimara. Alikubali nimsaidie, ila nije na kamera yangu mwenyewe, hata ile ndogo ya mfukoni iliyokwisha kutumika. Mama akauza nguruwe wetu. Hatukuwa na nguruwe mwingine, kwa hiyo nikikosea kununua, ndiyo basi.

Mzee alinifundisha kukagua kwa kutumia kamera yake mbovu. Lenzi inayochomoza aliiita mdomo.

"Sikiliza mdomo ukitoka," alisema. "Ukisaga kama unatafuna mchanga, iache. Tazama skrubu. Zikiwa zimechubuka, mtu ameshaifungua. Halafu mulika lenzi kwa tochi, na hapo ogopa ukungu. Ni kama utando wa buibui, unaota kwa ndani, hakuna kitambaa cha kuufuta. Ukishaota, mwanangu, umenunua jiwe."

Neno hilo la ukungu nilikwenda nalo mpaka Mbeya, kwa shangazi yangu anayekaa mtaa wa Soweto, ambaye alikuwa amesikia kwamba sokoni Uyole kuna kijana anauza kamera za mtumba.

Nilifika sokoni asubuhi, baridi ikiuma masikio. Kijana mwenyewe alivaa kofia ya sufu, ametandika turubai kando ya wauza viazi, kamera zimelala pamoja na pasi na redio. Nilichuchumaa nikaokota ndogo ya rangi ya fedha. Kona zilikuwa zimekwanguka, lakini skrubu zilikuwa nzima. Nikaiwasha. Malori yalikuwa yananguruma barabarani, ikabidi niibane sikioni ili nisikie mdomo ukitoka.

"Dada, hiyo siyo simu," kijana akasema. "Hapokei mtu."

Wauza viazi wakacheka. Mdomo haukusaga. Nikaishusha haraka, nikageuza lenzi. Kioo chote kilikuwa cheupe.

"Ina ukungu," nikasema. Hata mimi sauti yangu sikuisikia vizuri.

"Si uko Mbeya?" akajibu. "Imelala kwenye baridi. Subiri jua, ukungu utaondoka."

Sikujua kama ananidanganya. Ukungu wake ulikuwa wa asubuhi, ukungu wa mzee ulikuwa wa kuota, na mimi nilikuwa na neno moja tu na weupe mmoja mbele ya macho. Jua halikuwa na dalili. Nikaiingiza kamera ndani ya sweta, kwapani, nikasimama.

"Sasa unaiatamia?" kijana akauliza. "Ikitotoa, vifaranga ni vyangu."

"Mwache mtoto wa watu akague," akasema mama mmoja muuza viazi. "Mbona viazi vyangu wanavikata kabisa?"

"Basi naye aikate, mama, anunue nusu."

Wote walikuwa wananitazama. Nilitamani kuiweka chini nikimbie. Nikakumbuka banda letu lilivyo tupu, nikabaki nimesimama na jasho linanitoka katika baridi ile.

Nilipoitoa, weupe ulikuwa umekwisha. Nikamulika kwa tochi ya simu yangu ya kitochi. Lenzi ilikuwa safi, isipokuwa pembeni kulikuwa na uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Nikafuta kwa ncha ya kitenge. Haukutoka. Sweta langu linanyonyoka, pengine ulikuwa unyoya wake. Lakini unyoya, mbona haufutiki? Nikapiga picha kiroba cheupe cha viazi. Doa sikuliona.

"Unachukua, huchukui? Kuna mwenzio hapa anaitaka."

Kweli mwanamume mmoja alikuwa ameshainama nyuma yangu. Nilitaka kuuliza habari ya uzi. Wote walikuwa bado wananitazama. Nikalipa.

Niliporudi Iringa, mzee alivaa miwani, akamulika, akasema safi. Nikajikaza nikamwambia kuna uzi pembeni. Akamulika tena, kwa muda mrefu.

"Mimi siuoni," akasema. "Macho yangu haya yamechoka. Kama ni ukungu, utakua kwa unyevu. Mvua zitatuambia."

Akanichukua kazini. Kipaimara cha kwanza, wasichana walivaa magauni meupe, na kama nilivyotaka, hakuna aliyenitazama. Sikufurahi. Kila picha nilikuwa natafuta doa kwenye gauni. Kamera naihifadhi ndani ya kopo lenye mchele mkavu, na kila asubuhi kabla ya chai naimulika. Siku nyingine naona uzi ni uleule. Siku nyingine naona kama umetoa tawi. Mama akiniuliza kama kamera inaendelea vizuri, namjibu bado inapiga.

Mvua zimeanza wiki hii.

Wewe unayesoma, kama umewahi kuwa na kamera yenye uzi wa namna hii, niandikie. Niambie kama ulikua au ulibaki ulivyo, na kama mchele unasaidia. Hata jibu likiwa baya, liandike tu. Nitalisoma polepole.