Miiba ya Samaki wa Nyanya

Bado nasikia ule mkwaruzo wa kisu kwenye magamba ya samaki, jikoni Gaithersburg, Marekani, kwa nyanya Mbengali niliyekuwa nikimtunza. Alinisimulia kijiji chao hadi nikakiota: mpunga, mto mpana, bata uani. Aliposema anaenda kukiona mara ya mwisho, nilimwomba anipeleke.

Alicheka. "Wewe mtoto wa milimani? Samaki mwenye miiba unamkimbia kama nyoka! Utanitia aibu kwetu."

"Nitajifunza, Nyanya."

"Basi kwa vidole. Uma ni wa wagonjwa, na mgonjwa hapa ni mimi."

Jumapili nilijifungia chumbani kwangu na kipande cha samaki alichonipa. Nilikula polepole kwa vidole, nikaifunga miiba yote kwenye karatasi, nimpelekee Jumatatu aone nimeweza.