Mishumaa Mia Nne na Bei Iliyomponza Triza

Saa moja na nusu asubuhi, Triza Kageha anakoroga nta chumbani kwake Ziwani. Sufuria ndogo imekalishwa ndani ya kubwa yenye maji, maana nta haitaki moto wa moja kwa moja. Ikiyeyuka, anaimimina kwenye glasi zilizopangwa sakafuni, kila utambi umeshikiliwa wima na kibanio cha nguo.

Mama huyu wa miaka 43, ambaye majirani humwita Mama Shiundu, alijifunza kazi hii kiwandani, akapunguzwa kazi miaka sita iliyopita. Wiki ikiwa nzuri huuza mishumaa sitini. Hii ishirini ya leo haitamwachia faida hata ya shilingi.

"Ni mdomo wangu," anasema. "Mdomo wangu na hizi bei zetu za mtaa."

Oktoba iliyopita alijiwa na Mwalimu Wacuka, mstaafu wa Donholm, aliyetaka mishumaa mia nne. Kikundi chake kingeiuza kanisani shilingi mia mbili kila mmoja, kwa ajili ya mchango. Triza akapiga hesabu kichwani. Vifaa vya mshumaa mmoja vilimgharimu sabini, na mia moja ingemtosha kabisa. Akasema mia moja hamsini.

Kabla hujamlaumu, niambie ni nani huku mitaani Eastlands hutaja bei ya kweli mara ya kwanza. Muuzaji hupandisha ili mnunuzi apate pa kushushia. Mnunuzi hulalamika, hujifanya anaondoka, huitwa, na kila mmoja hurudi nyumbani akijiona mjanja. Mwalimu Wacuka hakulalamika. Alisema, "Asante, mama. Wacha niongee na wenzangu," akaenda zake.

"Nilingoja ageuke," anasema Triza. "Na singemwita. Ukimwita mteja, si umekubali ulikuwa unamdanganya?"

Hakugeuka. Kikundi kiliona faida ya shilingi hamsini ni ndogo mno, kikaandaa chai ya mchango badala ya mishumaa. Chai ilileta shilingi elfu tisa, na biskuti nyingi zikabaki.

Triza angekuwa ameshasahau, lakini Desemba alikutana na Nabiswa. Huyu ndiye aliyekuwa akimletea nta kwa mkokoteni, mpaka lori lilipomkanyaga akakatwa mguu. Bado alikuwa kwenye magongo. Alimweleza kwamba mguu wa bandia ni shilingi elfu themanini na tano, na kwamba watu wa Donholm walikuwa wamemchangia elfu arobaini na sita kabla mpango wao wa mishumaa haujakwama.

"Walisema mama wa mishumaa alikuwa ghali, Mama Shiundu," alisema Nabiswa, asijue kwamba anaongea na mama huyohuyo.

Kwa bei ya mia moja, mishumaa ile ingemletea Nabiswa elfu arobaini. Mguu ungenunuliwa kabla ya Krismasi, na chenji elfu moja.

"Kuuliza si ujinga," anasema Triza, machozi yakimlengalenga. "Sikuuliza mchango ni wa nani. Nilimuuliza Mwalimu anataka rangi gani."

Alikimbilia Donholm na bei mpya, akakuta kikundi kimeshavunjika. Mwalimu Wacuka, anayezitunza pesa za Nabiswa hadi leo, alimtazama kwa mshangao. "Mbona hukuniambia inapungua? Mimi nilijua bei ni bei."

Sasa kila Jumamosi Triza humpa Nabiswa mishumaa ishirini akauze nje ya kanisa. Nabiswa humrudishia sabini za vifaa, na mia moja thelathini zinaenda kwenye mguu. Wameshauza mia moja. Ukijumlisha na zile elfu tisa za chai, wakiuza mia moja arobaini zaidi, pesa zitatimia.

Kinachomtesa ni shukrani. "Huniambia, 'Mungu akuongezee, Mama Shiundu, hakuna mwenye roho kama yako.' Nikitoka hapo chakula hakipiti. Nataka ajue kabla ya kuvaa huo mguu. Sitaki apige hatua ya kwanza akinishukuru."

Ameapa kumwambia Jumamosi. Ameapa hivyo Jumamosi tano mfululizo.

Anafuta mikono kwenye leso, anamuuliza mwandishi habari hii itatoka lini. Anajibiwa Jumapili.

Triza ananyoosha utambi mmoja ulioanza kuinama.

"Sawa," anasema. "Basi Jumamosi hii sina ujanja."