Mto wa Sufi wa Baba

Kwetu Rudewa, baba alikoka moto uani kila jioni, hata masika kuni zikiwa zimelowa chapachapa. Mimi nilikuwa mtu wa kuwashia mfuko wa plastiki, kaka zangu mafuta ya taa, na wote alitusonya. Yeye alipanga maganda makavu ya mahindi, nyuzi za katani kutoka kamba iliyochakaa na vijiti vya ufagio uliokwisha, juu yake magunzi. Kisha alitufukuza, akainama peke yake. Tukirudi, moto umeshika. Siri yake hakuitoa, nami nilinuna miaka yote.

Alifariki masika ya mwaka juzi. Jioni ya maziko, wanaume waliobaki kulala msibani walihitaji moto uani. Kaka zangu walipanga maganda, katani na magunzi kama yeye, wakamaliza kiberiti kizima, wakaambulia moshi.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na sikusimama bure. Nyuma ya sanduku chumbani nilikuwa nimeuficha mto wa sufi wa baba, niende nao Mikumi nilikoolewa. Bado ulinuka kichwa chake na dawa ya kuchua. Nilikuwa sijalia hata chozi moja. Nilitaka nilie na mto huo, peke yangu.

Ndipo akaingia mzee wa Kisukuma, mfugaji jirani na mtani wetu. Mtani msibani hazuiwi wala hakasirikiwi.

"Shikamoo baba," nilimwamkia.

"Marahaba. Mzee wenu hajamaliza hata siku moja kaburini, moto umeshawashinda?"

Akanipita kama anaingia kwake. Nilimsikia akipekua chumbani, kisha akatoka na ule mto kwapani.

"Mchoyo huyu mzee wenu! Kumbe moto wetu alikuwa anaulalia!"

Niliudaka. "Baba, huo niachie. Chukua chochote, huo hapana."

Shangazi zangu wakacheka. Mimi sikuwa na utani, niliuvuta kwa nguvu zote.

Mzee hakuvuta. Aligeuza kona moja ya mto. Mshono ulikuwa umefumuliwa na kufungwa kwa uzi wa katani. Hapo ndipo nilipohisi mikononi jinsi mto ulivyokuwa mwembamba. Miaka mingapi mama alilalamika kwamba panya wanakula sufi, akanunua mitego, akatusingizia hata sisi!

"Siku ng'ombe wangu walipoingia kwenye mahindi yake, mvua ilitukuta wote shambani," mzee alisema, sauti imeshuka. "Alinitukana, akatoa sufi mfukoni, akawasha moto tuote, akaendelea kunitukana. Nikamuuliza kaitoa wapi." Akanisogezea ile kona. "Chomoa mwenyewe."

Nikafungua uzi, nikachomoa sufi kidogo, nikaisukuma chini ya katani na maganda. Njiti moja tu ya kiberiti cha mzee. Ikashika, magunzi yakafuata.

"Kumbe panya ni yeye," mama alisema kutoka barazani, akacheka huku anajifuta machozi. Nami nikalia mbele ya watu wote, kwa sauti, wala sikusingizia moshi.

Mto ninao Mikumi. Kuni zikilowa nafungua kona, nachomoa, nafunga tena. Juzi binti yangu aliniuliza mbona mto wa babu unazidi kupungua.

Nikamwambia ni panya.