Jina la Doto Chini ya Picha ya Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi moja ya habari pale Shinyanga mjini, nilipewa bahasha ya picha na penseli laini. Penseli ngumu huacha alama upande wa mbele. Ofisa Habari, mzee mfupi asiyependa mzaha, alinielekeza niandike nyuma ya kila picha nani yumo, yuko wapi na anafanya nini. Hayo ndiyo maelezo ya picha, na ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikazeeka. Picha moja ilikuwa ya bibi mmoja wa Songwa akichekecha mchanga. Nikaandika "mwanamke wa Songwa".

"Huyu hana jina?" aliuliza.

"Mpiga picha hakumuuliza, mzee."

"Nenda wewe ukamuulize."

"Gari la Songwa limeshaondoka."

"La kesho lipo."

Nilikwenda, nikarudi na jina. Hakunisifu, alinipa bahasha nyingine.

Nilipohamia Geita, kwenye idara ya mawasiliano ya mgodi mmoja wa dhahabu, picha zilikuwa zimeshaingia kwenye kompyuta. Programu ya maktaba ya picha ilikuwa na njia mbili za kuandika maelezo. Ya kwanza, unayaandika mwenyewe, neno kwa neno. Ya pili ni fomula: unaiamuru programu ichukue jina kwenye kisanduku hiki, zamu kwenye kile, tarehe kwenye kingine, iunganishe maelezo yenyewe. Ni njia ya haraka. Tatizo ni kwamba sehemu ya kuandikia fomula ilikuwa mstari mmoja mwembamba. Ukifika katikati, mwanzo wake huuoni tena. Huwezi kuona matokeo kabla ya kuhifadhi. Na ukishahifadhi, fomula inafuta maelezo yote uliyoyaandika kwa mkono, bila kukuuliza, na hayarudi.

Niliandika barua mbili kuomba irekebishwe. Meneja wa Mawasiliano, kijana msomi aliyetoka Dar es Salaam, aliniita ofisini.

"Mama Suzana, kwani haifanyi kazi?"

"Inafanya, bosi. Lakini unaandika kama mtu aliyefumba macho."

"Tutaangalia bajeti ijayo."

Wakati huo Mkuu wa Usalama alikuwa ameagiza kila mchimbaji apigwe picha getini kila siku kabla ya kushuka. Picha hizo zilinifikia mimi. Miongoni mwa wachimbaji walikuwamo mapacha wa Masumbwe, Kulwa na Doto, wanaume wawili ambao hata wasimamizi wao waliwachanganya. Mimi niliwajua kwa kovu. Kulwa alikuwa nalo juu ya nyusi ya kushoto, Doto hakuwa nalo.

Hapa naomba vijana mnisikilize vizuri. Kujaza visanduku vyote kulichosha, kwa hiyo nilizoea kunakili taarifa za picha ya zamani, kubadili tarehe, kisha kuandika jina sahihi kwenye maelezo tu. Kisanduku cha jina nilikiacha, nikijiambia nitakirudia. Asubuhi moja nilijaza picha ya Kulwa kwa kunakili ya pacha wake. Maelezo niliyoandika yalisema Kulwa. Kisanduku kikabaki kinasema Doto. Kosa hilo ni langu, siisingizii programu.

Saa nne asubuhi hiyohiyo Meneja akaja mezani kwangu. Wakubwa walitaka maelezo ya picha zote yawe mafupi na yafanane.

"Pitisha fomula leo."

"Bosi, niruhusu nikague majina kwanza."

"Mama Suzana, nimesema leo."

Niliandika fomula kwenye ule mstari mwembamba, nikahifadhi. Maelezo yangu ya miaka yote yakafutika kabla sijainua kidole.

Mchana ukuta wa mgodi ulititia. Wanaume sita walifunikwa, na daftari la mahudhurio lilikuwa hukohuko chini na msimamizi wa zamu. Mkuu wa Usalama aliingia ofisini kwetu akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Nipe picha za zamu ya asubuhi na majina. Familia ziko getini."

Nilizichapa harakaharaka. Nilipofika kwenye picha ya yule pacha nilisoma maandishi, sikuitazama sura. Maandishi yalisema Doto. Waliotoka wazima waliondolewa kwenye orodha, na jina la Doto likasomwa getini.

Kesho yake nilikuwa kwenye msafara wa ofisi uliokwenda Masumbwe kutoa pole. Miili ilikuwa bado chini ya kifusi. Turubai lilikuwa limefungwa uani, na mke wa Doto amelazwa kwenye mkeka, sauti imemkauka. Aliyempepea ni Nkwimba, mke wa Kulwa. Nilimwamkia mama mzazi wa mapacha, shikamoo mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akaitikia bila kuinua uso. Nkwimba alinisogelea akaninong'oneza.

"Mume wangu yuko Songwa kwa mjomba. Wao hulala kambini kule mgodini, sisi tuliambiwa tu mmoja wao alikwenda kuangalia ng'ombe, na simu kule haishiki. Namshukuru Mungu, mama. Naona aibu kushukuru mbele ya huyu, lakini namshukuru."

Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilimwambia Mungu ni mwema.

Haikupita saa, mtu akatokea barabarani, fimbo ya kuchungia mkononi, anakuja mbio kwa sababu ameona turubai nyumbani kwao. Nkwimba akaangusha kanga aliyokuwa anapepea nayo. Alimkimbilia, akamkumbatia shingoni, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Kisha nikaona kidole gumba chake kinapapasa juu ya nyusi ya kushoto. Kilipapasa mara ya pili. Akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji," alisema, taratibu sana. "Kulwa yuko wapi?"

Doto akatutazama sisi wenye mashati ya kampuni. Nikakumbuka kisanduku. Niliketi chini palepale nilipokuwa, kwenye vumbi, na kilio cha Nkwimba kikaanza. Yule wa kwenye mkeka akainuka akamshika mumewe miguu, naye akalia, sijui kwa furaha au kwa hofu. Wale wanawake wawili walibadilishana msiba mbele ya macho yangu.

Niliwaeleza wanafamilia kosa lilivyotokea, nikiwa nimepiga magoti. Mayu aliniambia, "Inuka, mwanangu. Aliyekufa ni mtoto wangu vyovyote vile." Meneja, aliyekuwa nasi kwenye msafara, alitangulia kwenye gari.

Baada ya mazishi hapakuwa tena na habari ya bajeti. Mtengenezaji wa programu aliletwa kutoka Mwanza, akakaa nami wiki nzima. Sehemu ya fomula ikawa pana, yenye mistari mingi. Matokeo yakaonekana kabla ya kuhifadhi. Maelezo ya mkono yakawekewa ulinzi, na kila badiliko likawa na njia ya kurudi. Ilikuwa kazi nzuri, ya siku tano tu. Nilipostaafu, Meneja alisimama mbele ya wafanyakazi akanisifu kwa maboresho hayo. Watu walipiga makofi. Nilitazama meza.

Vijana mnaofanya kazi hii sasa mna vifaa bora kuliko vyetu. Hata hivyo itazameni sura kabla ya kusoma maandishi.

Mwaka jana nilikwenda Nkome kununua dagaa, nikamkuta Doto akianika. Amehamia huko na mkewe. Nilimuuliza kwa nini ameacha nyumba ya baba yake. Aliendelea kutandaza dagaa kwa kiganja.

"Shemeji yangu hana ubaya na mimi, mama. Ila kila nikitokea mlangoni, uso wake unafurahi kwanza."